The Bends ya Radiohead: watu walewale watano, magitaa yaleyale matatu, kwa nini sauti si ileile?

Uzi6:

Wakuu, salaam.

Ukisikiliza Pablo Honey, albamu ya kwanza ya Radiohead, bendi ya rock ya Uingereza (Februari 1993), ukaunganisha hapohapo na The Bends (Machi 1995), utadhani ni bendi mbili tofauti. Wapigaji hawakubadilika: Thom Yorke sauti na gitaa, Jonny Greenwood na Ed O'Brien magitaa, Colin Greenwood besi, Phil Selway dramu. Kampuni ni ileile, Parlophone. Hata nyimbo ni 12 kwa 12. Lakini kwenye ile ya kwanza, kiitikio kikifika magitaa yote matatu yanarundikana mahali pamoja na huwezi kusema nani anapiga nini. Kwenye ya pili unaweza kufumba macho ukamfuata Ed peke yake wimbo mzima.

Wanaojua naomba mnifafanulie. Ni kazi ya prodyuza John Leckie, ni vifaa, au ni nyimbo zenyewe? Na ile sauti ya gitaa kwenye wimbo wa Just inayopaa kama king'ora inatoka wapi, na inapatikanaje? Nataka maelezo ambayo bendi yenye magitaa matatu inaweza kuyafanyia kazi mazoezini.

BiMwangwi:

Uzi6, anza na kalenda kabla ya vifaa.

Pablo Honey ilirekodiwa 1992 pale studio ya Chipping Norton, Oxfordshire, kwa wiki tatu hivi, chini ya Wamarekani wawili, Sean Slade na Paul Kolderie. Bendi ilikuwa imesaini mkataba mwishoni mwa 1991. Nyimbo walizokuwa nazo ni zile za ukumbini, na ziliingia studio karibu kama zilivyokuwa. Kisha wimbo wao Creep ukawabeba: ulipotoka Septemba 1992 uliishia nafasi ya 78 kwenye chati ya Uingereza, uliporudishwa sokoni 1993 ukafika ya 7. Kuanzia hapo wakawa wanazunguka dunia na wimbo mmoja unaodaiwa kila ukumbi. Wimbo wa My Iron Lung umezaliwa humo. Pafu la chuma ni ile mashine iliyompumulia mgonjwa wa polio aliyepooza: inamweka hai, na inamfungia humohumo. Na jina la albamu ni ugonjwa wa mpiga mbizi aliyepanda juu upesi kuliko mwili unavyoweza kuitoa gesi ya naitrojeni. Majina hayo mawili yanakueleza hali waliyoingia nayo studio.

Walianza studio ya RAK, London, Februari 1994. Kampuni iliwapa wiki tisa, ikitaka albamu iwe madukani Oktoba na singo (wimbo mmoja unaouzwa peke yake) itangulie. Hapo kazi ikakwama. Nyimbo nne, yaani The Bends, Sulk, Nice Dream na Just, zilikuwa zinashikwa na kuachwa kwa zamu, maana kila moja ilikuwa na mtu anayeiona ndiyo singo. Jonny akakodi magitaa na amplifaya za kila aina akitafuta sauti ya pekee, mwisho akarudi kwenye Telecaster yake. Angalia kosa lilipo: wimbo haujamaliza mpangilio, watu wanahangaika na rangi ya sauti. Ukibadilisha amplifaya wakati hujui gitaa la pili linafanya nini kwenye ubeti, utabadilisha mpaka pesa iishe.

Kilichofungua njia ni safari. Mei na Juni 1994 walikwenda kupiga Japani, Australia na New Zealand, na nyimbo mpya zikapimwa mbele ya watu. Jukwaani huna nafasi ya kuongeza gitaa la nne, kwa hiyo kisichohitajika kinadondoka chenyewe. Waliporudi waliingia studio ya The Manor, Oxfordshire, na kilichokuwa kinasuasua miezi miwili kikakamilika kwa takriban wiki mbili. Tarehe ya Oktoba ilikuwa imeshaachwa.

Kwa hiyo kwangu jibu la kwanza ni muda, na namna Leckie alivyoulinda muda huo. Alikuwa mtu mzima wa kazi, alianzia studio ya Abbey Road kama kijana wa kuendesha tepu mwaka 1970, na alishatengeneza albamu ya kwanza ya Magazine, bendi ambayo Radiohead waliipenda. Mtu wa namna hiyo hatishwi na meneja anayechungulia mlangoni kuuliza singo iko wapi.

FretiYaSaba:

Naungana na Bi Mwangwi kuhusu muda, ila kwa swali lako la magitaa lazima tuingie kwenye nyuzi zenyewe.

Chukua Creep kwanza. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ni nne: G, B, C, C ndogo (Cm). Zinazunguka hivyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, ubeti na kiitikio sawasawa. Kinachotofautisha sehemu ni ukubwa wa sauti tu: ubeti kimya, kisha Jonny anakwaruza nyuzi alizozizima kwa mkono, kisha ukuta wote unaanguka. Ni wimbo mzuri sana, lakini mbinu ni moja, kimya na kelele. Wote watatu wakiitumia kwa pamoja, nafasi imekwisha.

Kwenye The Bends waligawana shamba. Mliokulia kwenye muziki wa dansi mnaijua hii bila kufundishwa: solo, solo la pili na ridhimu, kila moja na eneo lake juu ya shingo ya gitaa, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Thom anashika ridhimu, mara nyingi kodi za wazi karibu na kichwa cha gitaa. Jonny anabeba mistari inayokata, noti moja moja. Ed anakaa katikati na mwangwi, anadonoa kodi au anashikilia noti mbili zinazoelea. Sikiliza Street Spirit: Ed anadonoa uzi mmoja mmoja juu ya Am, Em na C, na ndani ya kodi noti moja tu inasogea huku nyingine zimetulia. Ndiyo maana wimbo unatembea japo mkono wa kushoto haufanyi kazi kubwa.

Sasa Just. Utangulizi wa gitaa kavu (lisilo la umeme) ni C, E♭, D, F. Kisha Jonny anakuja na mstari unaopanda ngazi bila kufika kileleni, oktava nne nzima (oktava ni umbali kutoka noti hadi noti ya jina lilelile juu yake). Hiyo ni skeli (ngazi ya noti) ya oktatoniki: noti nane, hatua nzima na nusu hatua zikipishana. Ukianzia C unapata C, D, E♭, F, F♯, G♯, A, B, kisha C tena. Angalia kitu kizuri: mizizi (noti zinazozipa kodi majina) ya zile kodi nne za utangulizi ndiyo noti nne za kwanza za skeli hii. Ndiyo sababu mstari hausikiki kama umebandikwa juu. Anayeukosea kwa kawaida anauchukulia kama skeli ndogo ya kawaida na kuweka G badala ya F♯. Papo hapo ile hali ya kupanda bila kupumzika inapotea, kwa sababu G inalipa sikio mahali pa kukaa.

Kile king'ora kwenye solo ni pedali ya DigiTech Whammy, ile nyekundu ya kwanza, WH-1. Imewekwa oktava mbili juu. Kisigino kikiwa chini gitaa liko kwenye sauti yake, ukikanyaga mbele kwa vidole vya mguu noti inapaa hadi oktava mbili. Siri iko kwenye mguu: usikanyage ghafla kila noti. Sukuma polepole kwenye noti unayoishikilia, rudisha haraka. My Iron Lung inatumia pedali hiyohiyo kwa oktava moja.

Vifaa vingine vya Jonny kipindi hicho: Fender Telecaster Plus, pedali ya kukwaruza (ya kuichafua sauti ya gitaa makusudi) ya Marshall ShredMaster, amplifaya ya Vox AC30 kwa sauti safi na Fender Eighty-Five kwa sauti chafu. Hiyo Eighty-Five ni ya transista, si ya taa (zile chupa za kioo za amplifaya za zamani), na watu hushangaa. Lakini ShredMaster tayari inakwaruza vya kutosha. Ukiipitisha kwenye amplifaya ya taa ambayo nayo imeanza kukwaruza, ncha ya noti inayeyuka. Amplifaya ya transista inaiacha ncha ikiwa kali, na ndiyo unayoisikia Jonny anapoingia.

ShredMaster ina kitufe cha Contour. Ukikigeuza sana kinakata sauti za kati. Ukiwa peke yako chumbani itakuvutia kweli, lakini dramu na besi zikiingia gitaa lako linatoweka, maana gitaa linaishi kwenye sauti za kati. Anza Contour chini ya nusu, Gain (kitufe cha kiasi cha mkwaruzo) karibu nusu, kisha ongeza Volume badala ya Gain.

MpigaDramuWaZamu:

Kaka FretiYaSaba umeeleza vizuri, ila mnalisahau dawati la nyuma. Ukuaji wa albamu ile unausikia kwa Phil na Colin kabla hujaufikia kwa Jonny.

Fake Plastic Trees ndiyo mfano. Thom alikwenda kumwona mwimbaji wa Marekani Jeff Buckley akiimba London, akarudi studio, akaimba peke yake na gitaa kavu. Teki hiyo (rekodi ya mpigo mmoja) ndiyo msingi wa wimbo wenyewe. Wenzake walijenga juu yake. Fikiria maana yake kwa mpiga dramu. Msingi umepigwa na mtu anayepumua, anayechelewa kidogo mwisho wa mstari na kuharakisha anapopandwa na hisia. Lazima umsome mwimbaji kama unavyomsoma mtu anayetembea mbele yako gizani. Anayetaka kujaribu asianze na dramu. Sikiliza teki mara kumi ukigonga goti tu, andika kwenye karatasi ni neno gani linachelewa, kisha ndipo ukae kitini. Ukilazimisha mwendo wako mwenyewe, dramu na gitaa vitagongana kila mwisho wa mstari na utadhani tatizo ni maikrofoni.

Halafu tazama mpangilio ulivyopandishwa. Sauti na gitaa kavu. Kinaingia kinanda cha Hammond kwa Jonny, taratibu, karibu hukioni kikija. Dramu na besi. Nyuzi za kusugua ni watu wawili tu, Caroline Lavelle kwenye cello na John Matthias kwenye viola na fidla. Gitaa la kukwaruza halifiki hadi ubeti wa tatu, na likishafanya kazi yake linaondoka, Thom anabaki karibu peke yake tena. Kwenye Pablo Honey gitaa hilo lingeingia kwenye kiitikio cha kwanza.

Na Planet Telex, wimbo wa kwanza wa albamu: dramu zake ni lupu (kipande kinachojirudia) iliyochukuliwa kwenye rekodi ya wimbo wao mwingine, Killer Cars, piano ikapitishwa kwenye mashine za mwangwi, na Thom akaimba akiwa amejilaza sakafuni. Wimbo haukuwahi kupigwa jukwaani kabla ya kurekodiwa. Umetungwa studio. Kwa bendi ya magitaa ya mwaka 1994, kufungua albamu hivyo ni kusema kwamba studio nayo ni ala.

Uzi6:

Asanteni sana, hapa nimepata zaidi ya nilichoomba. Maswali mawili ya nyongeza. Whammy za siku hizi zinatoa sauti ile au lazima ya zamani? Na nimesoma kwamba My Iron Lung ni ya jukwaani. Kweli? Sisikii watu.

FretiYaSaba:

Ya zamani ina ukorofi wake wa kufuata noti, na ukorofi huo ni sehemu ya sauti. WH-1 inasoma noti moja kwa wakati. Ukiipa kodi nzima inachanganyikiwa na kutoa mlio wa kuvunjikavunjika. Ile iliyotoka 2012 inasoma pia kodi, ina swichi ya kuchagua kati ya tabia mbili, na ukitaka ya zamani uiweke kwenye tabia ya kawaida, siyo ya kodi.

Muhimu kabla ya kununua iliyotumika: WH-1 inakula umeme wa volti 9 wa AC. Adapta nyingi za pedali ni za DC, na ukiichomeka humo haitafanya kazi. Ile ya 2012 ndiyo iliyohamia DC. Muuzaji akikwambia mbovu, uliza kwanza alikuwa anatumia adapta gani.

Na Whammy ikae mbele ya pedali ya kukwaruza, karibu na gitaa. Ikikaa nyuma inapewa sauti iliyokwisha kukwaruzwa, ina noti ndani ya noti, na haijui ishike ipi.

BiMwangwi:

Ndiyo, ni ya jukwaani. Matoleo ya RAK hayakuwaridhisha, kwa hiyo wakachukua rekodi ya onyesho lao la ukumbi wa Astoria, London, la tarehe 27 Mei 1994, wakafuta kelele za watu, Thom akarudia sauti ya kuimba studio. Dramu, besi na magitaa unayoyasikia ni ya usiku ule. Rudi usikilize pale katikati magitaa yanapofyatuka: mwendo unasogea mbele kidogo kwa wote kwa pamoja. Huo ni msogeo wa watu waliosimama wakitazamana.

Sikiliza pia EP (diski fupi kuliko albamu) ya My Iron Lung ya Septemba 1994, miezi sita kabla ya albamu. The Trickster bado ina uzito wa zamani, Punchdrunk Lovesick Singalong tayari iko kule wanakokwenda. Mpito wote uko ndani ya diski moja. Nilivyoielewa mimi, hiyo ndiyo hati muhimu kuliko mahojiano yoyote.

Kichanganyio:

Niongeze la mwisho wa mnyororo, kuchanganya sauti. Leckie alirekodi na alianza kuchanganya mwenyewe Abbey Road, lakini kampuni ikapeleka tepu Marekani kwa Slade na Kolderie, walewale wa Pablo Honey, na matoleo yao ndiyo mengi kwenye albamu. Leckie hakufurahi wakati ule.

Hili linajibu nusu ya swali la Uzi6 kwa njia nzuri. Kama sauti ya The Bends ingekuwa kazi ya meza ya kuchanganyia, watu walewale wawili wangetupa Pablo Honey ya pili. Hawakutupa, kwa sababu safari hii walipokea tepu ambazo magitaa yamekwisha kugawana nafasi. Mchanganyaji hawezi kuyatenganisha magitaa matatu yanayopiga kodi ileile, kwenye freti zilezile, kwa mkwaruzo uleule. Atakachoweza ni kupunguza mawili.

Jina jingine la kulishika ni Nigel Godrich. Alikuwa mhandisi wa sauti RAK. Leckie alipoondoka kwenda harusini, Godrich alibaki na bendi, na Black Star ikarekodiwa yeye akiwa prodyuza. Miaka miwili baadaye alikuwa nao kwenye OK Computer, albamu yao iliyofuata. Hata High and Dry iliyomo humo haikutokana na vikao vya Leckie: ni rekodi ya majaribio ya 1993, wakiwa na Jim Warren, fundi wao wa sauti za jukwaani, na iliingia albamu kama ilivyo baada ya kusafishwa tu. Kwa hiyo tusimpe mtu mmoja sifa zote.

FretiYaSaba:

Kweli kabisa. Basi nimalizie ombi la Uzi6 la mazoezini, kwa mpangilio ambao ningeufuata.

Wekeni simu moja katikati ya chumba, si karibu na amplifaya ya mtu, mrekodi wimbo mzima. Kisha pigeni tena mara tatu, kila mara gitaa moja likae kimya. Kama gitaa fulani likinyamaza hakuna anayeona pengo, gitaa hilo halina sehemu, lina kelele tu. Hapo msiongeze sauti yake. Mtungieni sehemu mpya au akae nje ya ubeti huo.

Kugawa eneo ni rahisi mkitumia kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye freti (kigawanyo cha shingo ya gitaa) moja. Wimbo uko G: wa kwanza apige G ya wazi. Wa pili aweke kapo freti ya 5 na ashike umbo la D, ambalo hapo linatoa G ileile lakini juu zaidi. Wa tatu asipige kodi kabisa, ashike noti mbili tu, mfano B na D, juu ya freti ya 10. Tayari mko watatu bila kukanyagana na bila pedali hata moja.

Mkwaruzo: mtu mmoja kwa wakati mpaka mzoee. Wawili wakikwaruza pamoja, wapunguze Gain, kwa sababu mikwaruzo miwili ikijumlishwa inazidi ulivyoisikia ukiwa peke yako. Mnaporekodi, kateni sauti za chini za magitaa kuanzia Hz 80 hadi 100 kwenda chini, besi ipate mahali pa kukaa.

Mwangwi wa mtu wa tatu, upimeni na mwendo wa dramu: gawanya 60,000 kwa mapigo ya dakika, unapata milisekunde za pigo moja. Mapigo 120 yanakupa 500. Ukitaka mwangwi unaojaza katikati ya mapigo, chukua robo tatu yake, 375. Mwangwi usiopimwa ndio unaoifanya bendi nzima isikike kama inayumba, na lawama ikamwangukia mpiga dramu.

MpigaDramuWaZamu:

Hapo kwenye lawama asante sana, mkuu. Kwa wimbo wa kuanzia nashauri Street Spirit, siyo Just. Haina mkwaruzo wa kuwaficha. Anayedonoa akiharakisha, kila mtu chumbani atasikia kabla wimbo haujafika kiitikio.